Usingoje Novemba Kumtafuta Fundi wa AC: Yaliyonikuta Shangani, Mtwara

Ukianza kumtafuta fundi wa AC hapa Mtwara mwezi wa Novemba, umechelewa. Kusi imeshaondoka, kaskazi imeingia na joto lake zito, lile la kulala shuka limelowa huku pangaboi linazungusha hewa ileile. Na huo ndio msimu wa minada ya korosho, hela iko mitaani. Mwenye nyumba isiyoisha anaezeka, mwenye friji bovu ananunua jipya, na mwenye AC iliyokaa ukutani mwaka mzima kama pambo anakumbuka kuiwasha. Mafundi wanaoijua kazi si wengi mjini, na wakati huo wanagombaniwa na nyumba za wageni, benki, ofisi na maduka ya dawa. Wewe mwenye chumba kimoja unawekwa mwisho wa foleni. Au unamwangukia fundi maiko, yule wa kubahatisha.

Huyo wa mwisho ndiye niliyeanza naye, ndiyo maana naandika.

Nyumba yetu iko Shangani, karibu na bahari. Wanaoishi huku wanajua chumvi inavyofanya kazi: bawaba za madirisha zinakatika, nondo za geti zinachanua kutu, hata misumari ya bati haina umri. Tuliponunua nyumba tulikuta AC chumba cha nyuma, ya zamani, boksi lake la nje limebabuka rangi. Haikunisumbua kichwa mpaka mama yangu alipohamia kwangu kutoka Newala ili awe karibu na kliniki ya presha. Newala iko juu uwandani, watu wanalala na blanketi. Ukimtoa mtu mzima huko ukamlaza Shangani mwezi wa Januari, hata kama hasemi, unaona. Mama alikuwa anaamka usiku na kwenda kukaa barazani na khanga yake mpaka alfajiri.

Tukaiwasha ile AC. Inapuliza hewa, haipoozi. Mtu wa sokoni akanipa namba ya kijana, akaja jioni na bodaboda, mgongoni mtungi mdogo na geji moja yenye mipira imepasuka. Akashika bomba, akasema, "Gesi imeisha mama, tujaze tu." Nikatoa shilingi 90,000. Chumba kikawa baridi, mama akalala, nami nikamsifu kijana kwa majirani.

Haikupita muda, joto likarudi. Akaja, akajaza, nikalipa. Likarudi tena. Kila safari lugha ni moja: gesi imeisha.

Hapa ndipo wengi tunaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Gesi ya AC haiishi kama ya jiko. Ile ya jiko inaungua, lazima iishe. Ya AC inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto la chumbani na kulitupa nje, halafu inarudi. Mashine nzima inaweza kuzeeka na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna mahali inapotoroka, na mahali hapo hapazibiki kwa kuongeza gesi. Fundi anayesema imeisha bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache ya baridi. Kutafuta tundu si uchawi: povu la sabuni kwenye maungio, kuangalia palipolowa mafuta, na ikibidi kuweka naitrojeni ndani kwa shinikizo na kungoja geji iseme.

Aliyekuja kunieleza haya alikuwa fundi mwingine kabisa, nitamfikia. Alimulika nyuma ya boksi la nje kwa tochi, akanionyesha zile bati nyembamba za koili: ukizigusa zinamomonyoka kuwa unga mweupe. Chumvi ilikuwa imekula hadi bomba. Akanionyesha pia kibandiko: R22. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 dunia inaiondoa sokoni hatua kwa hatua; nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimemaliza ifikapo 2030. Kwa hiyo nilikuwa nanunua gesi inayoelekea kuadimika na kuipulizia hewani Shangani. Kubadilisha koili ya mashine ya umri ule kungetaka kuagiza kipuri Dar, kama kingepatikana. Tukakubaliana nyumbani: tununue mpya.

Mume wangu alitaka tuite kampuni ya Dar. Walitupa bei yao kwa simu kwa adabu zote: ufundi, nauli ya watu wawili, malazi, posho. Jumla ikakaribia nusu ya bei ya mashine. Lakini hata kama hela ingekuwepo, mimi nilikuwa na swali moja: maji yakianza kudondoka kitandani kwa mama usiku wa Jumamosi, nani atapanda basi zaidi ya kilomita 500 kuja kukaza nati? Fundi wa AC unataka yule unayeweza kukutana naye sokoni. Aibu nayo ni waranti.

Nilivyompata huyo fundi mwingine, hiyo ndiyo sehemu ninayojivunia. Sikuwauliza majirani tena, maana jirani mwenye AC moja anamjua fundi mmoja na hajui kama kazi yake ni nzuri mpaka miaka ipite. Nilienda kwenye nyumba za wageni. Si kwa meneja. Meneja atakutajia shemeji yake. Niliongea na dada wa mapokezi na wanaofanya usafi, kwa sababu wao ndio wanaogongewa mlango na mgeni saa saba usiku. Nikawauliza, "AC zenu nani anazihudumia, na mkimpigia anakuja?" Hilo la pili ndilo lenye uzito. Jina fulani likajitokeza sehemu zaidi ya moja, na dada mmoja akaongeza, "Yule ana maneno machache na bei kubwa, lakini akishatengeneza hakuna haja ya kumwita tena kwa tatizo lilelile." Nikasema huyo huyo.

Hata hivyo nilichukua bei kwa watu kadhaa, na ninashauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu unajifunza kwa kuwasikiliza. Mmoja alinitajia bei kwenye simu kabla hajajua hata ukubwa wa chumba. Mwingine alifika, akatazama huku na huku, akaniuliza, "Baba yupo?" Nikamwambia baba yupo kazini, mwenye hela ni mimi. Akacheka, akasema atarudi jioni tuongee wote. Sikumfungulia.

Yule wa nyumba za wageni alikuja na futi mfukoni. Shikamoo mama, marahaba baba, akaomba aone chumba. Akapima. Akauliza nani analala, wangapi, jua linapiga ukuta upi mchana, juu kuna dari au bati tupu, madirisha yanaziba au ni ya vioo vya kupishana, mein swichi iko wapi, nyaya za nyumba zilisukwa lini. Kisha akatoka nje akasimama kuangalia bahari iko upande gani. Bei alitaja mwisho kabisa: 220,000 ya ufundi, wakati wa kwenye simu alisema 120,000. Mume wangu alinuna siku nzima.

Mimi sikununa, kwa sababu nilikuwa nimeshauliza swali ambalo sasa ndilo la kwanza kwangu: una pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa yote kwenye mabomba, na ni yako au ya kuazima? Ukishaunganisha mabomba ya AC mpya, ndani mna hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Ile hewa lazima inyonywe yote kabla gesi haijafunguliwa. Ikibaki, unyevu unachanganyika na mafuta ya kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, unatengeneza asidi, na kompresa inaumia taratibu hadi siku inakufa nawe unalaumu chapa. Wengi hapa hawana pampu. Wanafungua gesi kidogo ipulize, wanalegeza nati upande wa pili, wanasikiliza "fyuuu" halafu wanafunga. Wanaita kutoa hewa. AC itapooza siku hiyo, ndiyo maana huwezi kuwashika. Wa 120,000 nilipomuuliza kuhusu pampu alisema, "Hiyo ni ya AC kubwa za ofisini, mama." Si kweli. Inahusu hata ndogo kuliko zote.

Kuhusu ukubwa, chumba cha mama ni mita 4 kwa 4. Kwa joto la kwetu mafundi wengi huanza na kama BTU 600 (BTU ndiyo kipimo cha nguvu ya kupooza) kwa kila mita ya mraba, ikawa kama 9,600. Lakini ukuta mmoja unapigwa na jua la magharibi na paa ni bati, ingawa kuna dari ya jipsamu. Tukachukua ya 12,000. Muuzaji dukani alitaka kutupa ya 18,000 "ili ipooze haraka." Ni kweli inapooza haraka, na ndiyo shida yenyewe: inafikia baridi mapema, inazima kabla haijanyonya unyevu, chumba kinakuwa baridi lakini kimechacha. Pwani unyevu ni nusu ya vita.

Mashine tulinunua hapahapa Mtwara, ya inveta, ile inayojipunguzia kasi yenyewe, shilingi 1,350,000. Kariakoo, Dar, tungeipata chini ya hapo, pungufu ya kama 150,000, lakini ukitoa usafiri wa basi na roho juu kila tuta, tofauti inayeyuka. Na dukani kwetu nilipata risiti ya EFD na kadi ya waranti iliyopigwa muhuri na tarehe. Isome hiyo kadi kabla hujalipa. Yangu ilidai jina na saini ya fundi aliyefunga, na ilisema haihusiki na hitilafu za umeme. Usipojaza kile kipande, waranti ni karatasi.

Fundi aliniomba jambo ambalo sikulitegemea: tusifungue boksi bila yeye. Alipofika alichukua bomba zilizokuja na mashine, akakwangua ncha kwa kisu. Nje rangi ya kopa, yaani shaba, ndani nyeupe. Alumini. Akasema kwa mbali na bahari angezifunga bila neno, Shangani hapana. Tukanunua kopa, robo inchi na tatu kwa nane, na sponji nyeusi nene kwa bomba zote mbili, si kuzivisha pamoja soksi moja. Ikaongeza 130,000. Vishikio vya boksi la nje navyo tukachagua vilivyochovywa zinki, vikapigwa rangi juu yake, na bolti za chuma kisichoshika kutu. Boksi lenyewe likawekwa ukuta wa nyuma, usiotazamana na bahari, chini ya kivuli cha mwarobaini lakini likiwa na nafasi ya kupumua.

Umeme ulinila hela ambayo haikuwa kwenye bajeti. Nyumba yetu ilisukwa zamani, na soketi ya chumbani ilikuwa inashirikiana na friji na pasi. Fundi wa AC akakataa kuunganisha hapo. Akataka laini yake peke yake kutoka mein swichi, waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 20 na ethi, ule waya wa kwenda ardhini, inayofanya kazi kweli. Hiyo alisema si kazi yake, nitafute fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji. Nilimheshimu kwa hilo, wengi wangesema "naweza vyote." Fundi umeme alipima ethi yetu, kumbe waya ulikuwa umeshaliwa ardhini. Vifaa na ufundi, 185,000. Juu yake kifaa cha kulinda AC umeme unaporuka au kushuka, kile kinachochelewesha kuwasha dakika chache umeme ukirudi, 65,000. Kompresa ikilazimishwa kuwaka palepale umeme unaporudi inakwama, na kwa umeme wetu unaokata na kurudi sikutaka kubahatisha.

Na LUKU. Kama unatumia zile uniti za bei nafuu, za wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ziage. AC ya usiku inakutoa humo mapema tu, unahamia bei ya kawaida ambayo pamoja na makato inazidi shilingi 350 kwa uniti. Yetu ikiwa kwenye nyuzi 26, mlango umefungwa, inakula kama uniti 3 hadi 4 kwa usiku. Piga hesabu kabla hujanunua mashine, si baada.

Siku ya kufunga nilikaa nao. Sikuwasimamia, niliweka kiti, nikapika chai na mihogo, nikatazama. Tundu la ukutani walilitoboa likiinama kuelekea nje, ili maji ya AC yasirudi ndani. Ncha za bomba walizikata kwa kikatio, wakazikwangua, wakazipanua mdomo taratibu, tone la mafuta, wakakaza kwa spana mbili. Kisha pampu ikaunguruma zaidi ya nusu saa. Alipoizima hakufungua gesi. Alikaa kunywa chai akiangalia geji. Msaidizi wake akaniambia, "Tunangoja kama sindano itapanda, mama. Ikipanda kuna tundu." Haikupanda. Ndipo akafungua vali, akapaka povu kila ungio, akawasha. Mwisho akachomeka kipimajoto pale hewa inapoingia, kisha pale inapotoka: tofauti ilikuwa nyuzi 11. Akaniambia kati ya 8 na 12 mashine iko sawa.

Kingine: mashine yetu inatumia R32. Gesi hii inaweza kushika moto, si kirahisi, lakini inaweza. Mtu akija kuchomelea bomba kwa moto wakati gesi bado imo ndani, mtoe nje. Na inajazwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko, si kwa kushika bomba na kusema "imeshakuwa baridi."

Malipo tulishaandikiana kwenye karatasi ya daftari, saini mbili na namba za simu: vifaa nanunua mwenyewe kwa risiti, kishika uchumba 70,000 asubuhi ya kazi, iliyobaki baada ya AC kulala imewaka usiku mmoja, na miezi mitatu ya kurudi bure kama kasoro ni ya ufungaji. Wako waliokataa karatasi. Mmoja aliniuliza, "Mama hutuamini?" Nikamwambia nawaamini, ndiyo maana naandika.

Ile karatasi ilifanya kazi mapema kuliko nilivyodhani. Wiki chache baadaye maji yakaanza kudondoka ukutani. Sikufurahi, hela yote ile halafu beseni chini ya AC. Akaja kesho yake, akakuta mpira wa maji umelegea nyuma ukutani na kufanya tumbo, maji yanatuama humo mpaka yanarudi. Akaunyoosha, akaufunga, akamwagia jagi la maji ndani ya AC kupima. Hakudai hata nauli. Nilimpa ya soda.

Matunzo ni madogo. Vichujio vya ndani naviosha kila baada ya wiki mbili. Vumbi la Mtwara halisubiri. Boksi la nje nalimwagia maji baridi ya bomba kila mwezi, swichi ikiwa imezimwa, bila presha ya kupinda zile bati nyembamba, kuondoa chumvi. Huduma kamili analipwa 40,000, na nimemwambia aje Juni au Julai, wakati wa kusi, ambapo simu zake hazilii sana na ana nafasi ya kufungua kila kitu. Mwaka wa kwanza aligundua bolti moja imeanza kutu, akaibadilisha kwa 3,000.

Mama analalamika kwamba Newala imemfuata huku. Rimoti ameificha chini ya mto, na nyuzi 26 zetu amezigeuza 28.

AC ya zamani ilikaa uani muda mrefu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na msumeno, macho kwenye kopa, tayari kukata bomba. Fundi alikuwa ameniambia nisiruhusu, kwa sababu aliitaka mwenyewe kwa ajili ya mota ya feni; R22 iliyobaki alikuwa ameshaihamishia kwenye mtungi wake siku ya kuitoa, isiende hewani. Akaja kuichukua, na kwenye bei ya huduma iliyofuata akanipunguzia 25,000. Mnunuzi wa chakavu alikuwa amenitajia 30,000.